Ujuzi Hauzeeki, Vidole Huzeeka

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu hapa Matombo)



Najua wengi wenu mmetoka mbali, na ye yote aliyekuja kutoka Morogoro kwa njia ya Kiroka na Mkuyuni wakati wa mvua anastahili kupewa chai kabla ya kupewa hotuba. Kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya maisha baada ya kustaafu. Mada hiyo ni pana, na wapo kati yenu wanaoweza kuieleza kuliko mimi, hasa upande wa ufugaji na mashamba ya viungo. Mimi nimechagua jambo moja ninalolijua kwa vidole vyangu mwenyewe, nalo ni kurudi kupiga kinanda baada ya kukaa nacho mbali kwa miaka 40.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Msemo huo nimeupima, na nimeuona kuwa ni kweli. Lakini msemo haukutaja vidole. Vidole huzeeka, macho huzeeka, na mwenye ujuzi mwenyewe siku moja huondoka. Kwa sababu hiyo, mtu anayeirudia uzeeni kazi ya mikono aliyoiacha ujanani anakuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kuifanya. Ya pili ni kumpa mwingine ujuzi huo mapema, wakati mikono bado inaweza kuonyesha. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza leo.

KINANDA CHA KUKANYAGA

Ninyi wanafunzi wa leo mmezoea kinanda kinachochomekwa ukutani. Sisi, mwanzoni mwa miaka ya 1970, tulijifunza kwa kinanda cha kukanyaga. Lilikuwa sanduku la mbao lenye funguo 61, nyeupe na nyeusi, na chini yake kanyagio mbili za miguu. Ukikanyaga, mivukuto inapeleka hewa. Ukibonyeza ufunguo, hewa hiyo inapita kwenye ulimi mwembamba wa shaba, ulimi unatetemeka, na sauti inatoka. Ulimi mrefu hutoa sauti nene, na mfupi hutoa sauti nyembamba. Basi, hakuna zaidi ya hapo. Ukiacha kukanyaga, wimbo unakufa hapo hapo.

Kinanda kile kilikuwa na faida moja kubwa: hakikuomba umeme kwa mtu. Na kilikuwa na adabu yake. Mpigaji alifanya kazi kwa mikono na miguu, na ukipiga Misa nzima ulitoka umeloa jasho kama mtu aliyetoka kulima. Tulisoma nyimbo kwa solfa, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti, na kabla ya kugusa ufunguo ilitupasa kwanza kuimba sauti zote nne kwa vinywa vyetu. Mwalimu wetu alikuwa akisema kwamba kidole kisichoweza kuimba hakiwezi kupiga.

Wakati ule muziki wa kanisani ulikuwa katika mabadiliko makubwa. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati juu ya Liturujia. Hati hiyo ilisema kwamba kinanda cha mabomba kipewe heshima kubwa, lakini ikaruhusu na vyombo vingine vinavyofaa kwa ibada, na ikataka muziki wa asili wa watu uthaminiwe. Hapa kwetu Tanzania, Padre Stephen Mbunga alikuwa amekwisha kuianza njia hiyo. Misa yake ya Kiswahili iitwayo Misa Baba Yetu ilitungwa kabla ya Mtaguso, na mwaka 1963 alitoa kitabu chake juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Ngoma zikaingia kanisani. Sisi wapiga kinanda, tuliozoea kuongoza, ikatubidi tujifunze kumsikiliza mpiga ngoma. Somo hilo limenisaidia hata uzeeni, kama nitakavyoeleza.

KWA NINI KILIACHWA

Baadhi yenu mtauliza, kama mlikipenda kinanda hivyo, mliachaje? Jibu ni kwamba maisha yalitupeleka kusikokuwa na vinanda. Mimi niliajiriwa serikalini katika kazi ya kupima maji ya mito, na mtumishi wa mito huhamishwa kufuata mito. Begi hupanda basi, na godoro hupanda basi, lakini kinanda cha kukanyaga hakipandi basi.

Wala mjini hakukuwa na mahali pa kukipiga. Morogoro ya ujana wetu ilikuwa mji wa magitaa. Hapo ndipo ilipovuma Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na hapo ndipo Mbaraka Mwinshehe alipong'ara na Morogoro Jazz kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973. Bendi hizo zilisimama juu ya magitaa, ngoma na saksafoni.

Vinanda vya umeme vilikuwapo duniani. Kinanda cha Hammond kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1935. Lakini vilikuwa vizito na vya bei kubwa, vya makanisa na kumbi za matajiri. Mambo yalibadilika mwaka 1980, wakati kampuni ya Casio ya Japani, ambayo watu waliijua kwa vikokotoo vya hesabu, ilipotoa kinanda kidogo cha umeme ambacho mtu wa kawaida aliweza kukinunua. Kampuni ya Yamaha ikatoa vyake. Na mwaka 1983 Yamaha na makampuni mengine yalikubaliana juu ya lugha moja ya mashine, iitwayo MIDI, ili kinanda cha kampuni moja kiweze kuelewana na cha kampuni nyingine.

Hapa kwetu miaka hiyo haikuwa miaka ya kununua vinanda. Wenzangu mnakumbuka. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa haba, na hata sabuni ilipatikana kwa foleni. Ilikuwa mwaka 1984 ndipo Serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje. Kidogo kidogo vinanda vya umeme vikaingia katika bendi, makanisa na taarabu. Taarabu ya zamani, kama ile ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa Unguja mwaka 1905, ilitumia udi, ganuni, fidla na kodiani. Taarabu ya kisasa ya miaka ya 1990 ilichukua kazi ya vyombo vingi kati ya hivyo ikaiweka juu ya kinanda kimoja cha umeme. Lakini wakati huo sisi tulikwisha kuwa watu wa watoto, ada na uhamisho.

Sisemi haya kwa kulalamika. Naeleza tu kwa nini, ukiwauliza watu wengi wa umri wangu kama wanapiga kinanda, watakujibu, "Nilikuwa napiga."

KILICHORUDI NA KISICHORUDI

Nilistaafu mwaka 2017 nikiwa na miaka 60. Kila mstaafu anajua kwamba siku kiinua mgongo kinapotoka, washauri huongezeka. Mmoja alinishauri pikipiki, mwingine kuku, mwingine mashine ya kusaga. Mimi nilinunua kwanza mabati ya nyumba, kisha nikanunua kinanda cha umeme cha funguo 61, idadi ile ile niliyoizoea zamani. Mjomba wangu alipokiona alinyamaza kwa muda. Nanyi mnajua kwamba kwetu Waluguru neno la mjomba si neno dogo. Akasema, "Mpwa wangu, kinanda hakipaliliwi wala hakivunwi." Nikamjibu kwa heshima, "Mjomba, hiki kinapaliliwa kila asubuhi. Mavuno tutayaona."

Nilipokaa mbele yake kwa mara ya kwanza, mkono wangu wa kulia uliukumbuka wimbo kabla mimi mwenyewe sijakumbuka jina la wimbo huo. Miguu nayo ilikumbuka: nilijikuta nakanyaga sakafu chini ya meza, natafuta mivukuto isiyokuwapo. Wajukuu walicheka sana.

Jambo hili lina maelezo yake. Wataalamu wa ubongo wanasema kwamba kumbukumbu ya namna ya kufanya jambo haihifadhiwi pamoja na kumbukumbu ya mambo yaliyotupata. Yuko mwanamuziki Mwingereza aitwaye Clive Wearing ambaye mwaka 1985 aliugua ugonjwa wa ubongo. Alipoteza uwezo wa kukumbuka hata mambo ya dakika chache zilizopita, lakini alipokalishwa mbele ya piano aliweza kupiga. Basi, ninyi ndugu zangu mnaosema mmesahau kabisa, nawaambia mikono yenu haijaulizwa bado.

Lakini yako mambo ambayo hayakurudi, na ni haki niyataje. Kasi haikurudi. Mkono wa kushoto ulichelewa miezi mingi nyuma ya wa kulia. Kidole cha pete na kidole cha mwisho ni wavivu kwa kila binadamu, na uzeeni uvivu huo huongezeka. Macho nayo yana shida yake, maana miwani ya kusomea gazeti imetengenezwa kwa umbali wa gazeti, na nota huwekwa mbali kidogo kuliko gazeti. Nilikuwa nainama mpaka shingo ikauma, hadi mtaalamu wa macho aliponipimia miwani ya umbali wa kinanda. Mwenye kurudi kwenye kinanda na alipe gharama hiyo mapema. Itamwokoa na maumivu mengi.

Tena chombo chenyewe si kile cha zamani. Katika kinanda cha kukanyaga, ukibonyeza ufunguo kwa nguvu au pole pole, sauti ni ile ile. Nguvu ilitoka miguuni. Vinanda vingi vya umeme vya sasa hupima mguso. Chini ya kila ufunguo kuna viungio viwili vya umeme, kimoja hukutana kabla ya kingine. Mashine hupima muda kati ya cha kwanza na cha pili. Muda ukiwa mfupi, inajua umebonyeza kwa kasi, na inatoa sauti kubwa. Muda ukiwa mrefu, inatoa sauti ndogo. Kwa hiyo, mimi niliyezoea kuweka nguvu miguuni ilinibidi nijifunze upya kuiweka vidoleni.

Utaratibu wangu ni huu. Napiga dakika 20 asubuhi kabla ya shamba, na dakika 20 jioni. Naanza na mkono mmoja mmoja, pole pole kuliko ninavyotaka. Wimbo mgumu naugawa vipande vinne au vitano na kushughulika na kipande kimoja kwa wiki nzima. Mkono ukiuma naacha, sishindani nao. Na kabla ya kupiga naimba, kama tulivyofundishwa. Kwa mwendo huo, baada ya mwaka mmoja niliweza kupiga nyimbo za Misa bila kuwatia aibu waimbaji.

MZEE WA KIBODI NA TEKSI

Ili msidhani kwamba haya ni ya mzee mmoja wa Matombo, nitawaeleza habari za jirani yetu wa kaskazini. Hailu Mergia alizaliwa Ethiopia mwaka 1946. Katika miaka ya 1970 alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Walias mjini Addis Ababa, bendi iliyopiga katika hoteli ya Hilton. Mwaka 1981 bendi ilikwenda Marekani kwa maonyesho, na yeye na baadhi ya wenzake wakabaki huko. Mwaka 1985 alirekodi kaseti akiwa peke yake, kwa kodiani na vinanda vya umeme. Baadaye akaacha kupiga mbele ya watu, akawa dereva wa teksi katika uwanja wa ndege wa Dulles karibu na Washington.

Sasa sikilizeni jambo lililonigusa mimi. Ndani ya teksi yake alibeba kinanda kidogo cha betri. Alipokuwa kwenye foleni akisubiri abiria, alikitoa akafanya mazoezi. Hakuwa na bendi wala wasikilizaji. Alifanya hivyo kwa miaka mingi. Mmarekani mmoja mwenye kampuni ndogo ya kutoa muziki wa Afrika aliikuta ile kaseti ya 1985 nchini Ethiopia, akamtafuta mwenyewe, na mwaka 2013 akaitoa upya. Hailu Mergia alirudi jukwaani akiwa na miaka zaidi ya 65, akazunguka nchi nyingi, na mwaka 2018 akatoa sahani mpya iitwayo Lala Belu.

Watu wengi wakisimulia habari hii husifu bahati ya kaseti. Mimi nasifu foleni ya teksi. Kaseti ingepatikana na mwenyewe akawa hapigi tena, ingebaki kuwa kumbukumbu ya mtu aliyekuwa mwanamuziki. Iliwakuta vidole vikiwa kazini.

MASHINE INAYOJIPIGIA

Sasa nageukia kwenu, wanangu. Kinanda cha leo kina jambo ambalo chetu hakikuwa nalo: kinaweza kujipigia. Ukibonyeza kitufe kimoja, ngoma inaanza. Ukibonyeza ufunguo mmoja au mitatu kwa mkono wa kushoto, besi na gitaa vinafuata. Kuna kitufe cha kuhamisha sauti, hivyo mtu anaweza kujua kupiga kwa funguo nyeupe tu na bado akapiga nyimbo nyingi kwa kimo cho chote. Na kama hata hayo ni mengi, mtu huchomeka flashi yenye muziki mzima uliokwisha kurekodiwa, akasimama nyuma ya kinanda akitikisa kichwa.

Mimi sivilaumu vitufe hivyo. Kitufe cha kuhamisha sauti kimeniokoa mara nyingi pale waimbaji wanapoamka na mafua. Lakini nitawaeleza jambo nililoliona, nanyi mtaamua wenyewe.

Miaka michache iliyopita, kijana aliyekuwa akiipigia kwaya ninayoimba alipata kazi Dar es Salaam. Tulifurahi kwa ajili yake, tukamfanyia sherehe. Jumapili iliyofuata tuligundua kwamba ameondoka na ujuzi wote. Hakuna mwingine aliyekuwa akipiga. Kwaya ikaanza kuimba kwa flashi. Mambo yalikwenda vizuri kwa miezi kadhaa, mpaka tulipokwenda kuzika mzee mmoja aliyekuwa mwimbaji wa sauti ya nne kwa miaka mingi. Katikati ya wimbo wa kumwaga, umeme ulikatika. Muziki ukanyamaza, na kwaya nayo ikanyamaza. Watu zaidi ya 20 tulisimama vinywa wazi mbele ya jeneza la mwenzetu, kwa sababu wengi wa vijana hawakuwahi kuuimba wimbo ule bila mashine. Sekunde zile zilikuwa ndefu. Mwishowe mama mmoja mzee akaanzisha wimbo kwa sauti yake tupu, nasi tukamfuata.

Baada ya mazishi viongozi wa kwaya waliniita, wakaniomba nipige kinanda. Nilikubali kwa sharti moja: kila ninapopiga, vijana wawili wakae pembeni yangu, mmoja kulia na mmoja kushoto, na kila Jumamosi waje nyumbani kwangu. Wengine waliona sharti hilo ni la ajabu. Walitaka mpigaji, na mimi nilikuwa nataka wapigaji.

Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitangaza siku ile. Kidole changu cha pete cha mkono wa kulia kilikuwa kimeanza kukaza asubuhi. Daktari alikitazama akasema ni ugonjwa wa viungo wa umri, kwamba mazoezi mepesi yanafaa, lakini utaendelea polepole. Leo hii wapo nyimbo ambazo napiga kwa vidole vinne vya mkono huo. Wasikilizaji hawajui. Vijana wangu wanajua, kwa sababu nimewaonyesha, na nimewaambia ndiyo maana hatuna muda wa kupoteza.

Vijana hao sasa ni watatu. Wawili ni wavulana na mmoja ni msichana, naye ndiye mwenye mkono mzuri wa kushoto kuliko wote. Huwafundisha kwanza kuimba solfa, kisha kupiga bila ngoma ya mashine, kisha kupiga na mpiga ngoma wa kweli. Hapo ndipo lile somo la ujana wangu linaponisaidia: mpiga ngoma hapunguzi wala haongezi mwendo kwa kubonyezwa kitufe, lazima umsikilize. Kitufe cha mashine wanakipata mwisho, na wakikipata wanajua nini kimo ndani yake. Kwa nota hawana shida kama tuliyokuwa nayo sisi tulionakili kwa kalamu. Siku hizi nota za nyimbo nyingi za kwaya za Kiswahili zinapatikana katika intaneti, hata kwa simu.

KUTUNZA KINANDA KATIKA MVUA YA ULUGURU

Nimeombwa pia nieleze juu ya utunzaji, maana vinanda vingi hufa kabla ya wapigaji wake. Upande wetu huu wa mashariki wa milima ya Uluguru unapokea mvua nyingi, na unyevu ni adui wa kinanda cha umeme. Chini ya kila ufunguo kuna kipande cha mpira chenye kaboni ambacho hukutana na sakiti. Vumbi na unyevu vikiingia hapo, ufunguo unakuwa bubu, au unapiga kelele ghafla. Aghalabu ufunguo bubu haujafa. Fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kufungua, kusafisha viungio kwa spiriti na kitambaa laini, na kuacha vikauke kabisa. Lakini kinga ni rahisi zaidi: kifunike kwa kitambaa, kiweke juu ya meza mbali na ukuta wa baridi, na kipigwe mara kwa mara. Kinanda kinachofungiwa stoo kwa kuogopa kisiharibike ndicho kinachoharibika.

La pili ni umeme. Kabla ya kuchomeka adapta usiyoijua, soma maandishi yaliyo nyuma ya kinanda. Angalia ni volti ngapi, na angalia alama ya chanya na hasi. Vinanda vya Yamaha huwa na chanya katikati ya plagi, na vingi vya Casio vya zamani huwa na hasi katikati. Plagi zinaweza kuingia zote, lakini mkondo ukiwa kinyume unaweza kukiua chombo. Umeme unapokatika, chomoa. Ukirudi, ngoja kidogo utulie ndipo uchomeke. Na kama kinanda chako kinakubali betri, weka akiba ya betri kwa siku za mazishi.

MAOMBI MATATU

Ndugu Mwenyekiti, nakaribia mwisho. Kuna habari moja ya kweli ninayoipenda. Mwaka 1887, katika mji wa Hamamatsu nchini Japani, shule ya msingi ilikuwa na kinanda cha hewa, cha aina ile ile ya kukanyaga, kikaharibika. Wakamwita fundi aitwaye Torakusu Yamaha akitengeneze. Alipokifungua na kuona kilivyofanya kazi, akasema kichwani mwake kwamba na yeye anaweza kukiunda. Kutokana na kinanda kimoja kibovu cha shule ilizaliwa kampuni ambayo jina lake limeandikwa leo juu ya vinanda na hata juu ya pikipiki. Nadhani inatosha kuonyesha kwamba chombo cha shule kikiguswa na mtu mwenye hamu, hakuna ajuaye kitafika wapi.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwenu, wanafunzi wenzangu wa zamani. Kila mmoja wetu aliacha kitu: kinanda, gitaa, useremala, uchoraji, tarumbeta. Kirudieni wakati vidole bado vinakubali. Msisubiri muwe wazuri ndipo muanze, maana tukisubiri uzuri tutapitwa na uhai. Na mkikirudia, tafuteni kijana wa kukaa pembeni.

La pili ni kwa wakuu wa shule. Kama shule itakubali kutenga chumba kikavu na saa mbili kila Jumamosi, mimi nitakileta kinanda changu na kufundisha bila malipo, kwa muda wote ambao mikono yangu itaniruhusu. Wale vijana watatu watanisaidia. Ningefurahi iwapo wenzangu tutachangia kinanda cha pili, ili changu kikiharibika masomo yasikatike, nasi tusirudi kwenye hali ya kumtegemea mmoja.

La tatu ni kwenu, wanangu. Msije kwa sababu mnataka kuwa maarufu, ingawa nani ajuaye. Njoni ili siku umeme utakapokatika katikati ya wimbo, awepo kati yenu mtu anayejua wimbo unaendelea wapi.

Mimi nitakuwa hapa Jumamosi ijayo saa nne asubuhi.